Kura tatu zilizozika vyama viwili

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha sita. Wiki iliyopita alinifuata barazani, Barabara ya 8 hapa Ngamiani, Tanga, muuza kahawa ndiyo kwanza ametua mzigo wake. Daftari la historia lilikuwa kwapani. "Shikamoo baba mdogo," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alishafungua ukurasa. Palikuwa na mistari miwili tu kwa kalamu ya bluu, juu ya vyama viwili vya siasa vya Tanganyika kabla ya uhuru. Wa kwanza: *UTP, chama cha rangi zote, 1956.* Wa pili: *ANC, chama kilichomeguka kutoka TANU, 1958.*

"Tumeambiwa tueleze kwa nini vilikufa," akaniambia. "Kila ninapouliza najibiwa kwamba TANU ilikuwa na nguvu. Sasa hiyo nayo ni sababu, baba mdogo?"

Si sababu, na nilifurahi kwamba ameliona hilo mwenyewe. Kusema chama kilishindwa kwa kuwa mwenzake alikuwa na nguvu ni kusema kilishindwa kwa kuwa kilishindwa. Lililonikera zaidi ni kwamba mistari ile miwili iliandikwa kana kwamba haijuani. Vyama hivi vilikuwa maadui wa mbingu na ardhi, kimoja kikitaka Mzungu, Mhindi na Mwafrika wakae meza moja, kingine kikitaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Hata hivyo vilikufa kwa jambo moja, nalo ni utaratibu wa kupiga kura uliobuniwa na serikali ya kikoloni, ambao watu waliuita kura tatu. Asiyeuelewa utaratibu ule hawezi kuelewa chochote katika siasa za Tanganyika za miaka ile.

Kwanza turudi nyuma kidogo.

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya vita vya pili vya dunia iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ikakabidhiwa uangalizi wake. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba alikuwa na mtu wa kumuuliza maswali. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulipendekeza nchi iwekewe ratiba ya kufikia uhuru katika miaka 20 au 25. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai, TANU, yaani Tanganyika African National Union, ilizaliwa Dar es Salaam. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akalieleza dai la chama chake.

Gavana wa wakati ule, Sir Edward Twining, aliiona nchi kwa jicho lingine. Kwake Tanganyika ilikuwa na jamii tatu, Wazungu, Waasia na Waafrika, na haki ilikuwa kila jamii ipate fungu sawa. Baraza la Kutunga Sheria lilipopangwa upya mwaka 1955, viti 30 vya wasio watumishi wa serikali viligawanywa kumi kwa kumi kwa kumi. Ukisikia hivyo bila hesabu, unaweza kudhani ni uungwana mtupu.

Hesabu ilikuwa hivi. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, Wazungu elfu 20 na ushei, na Waasia pamoja na Waarabu hawakufika laki moja. Kwa hiyo kila kiti cha Mzungu kilisimama kwa watu elfu 2 hivi, na kila kiti cha Mwafrika kilisimama kwa watu zaidi ya laki 8. Hilo ndilo lililoitwa usawa: usawa wa rangi, si usawa wa watu. Ukilishika hilo, mengine yote yatakufuata.

Sisi wa Tanga tuna bahati moja katika somo hili. Mji wenyewe bado unaonyesha jinsi fikra ile ilivyokuwa. Tembea kutoka Raskazone, penye nyumba kubwa zenye bustani na upepo wa bahari, walikokaa Wazungu. Njoo mjini kati kwenye maduka yenye roshani, Wahindi wakiuza chini na kulala juu. Vuka reli uingie Ngamiani kwenye barabara zilizopewa namba badala ya majina, kwenye nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia. Shule ya mtoto wa Kizungu ilikuwa mbali na ya mtoto wa Kihindi, na ya mtoto wa Kiafrika mbali na zote mbili. Wote waliishi mji mmoja, wakala samaki wa bahari moja. Nje ya mji mashamba ya mkonge yalitanda hadi Muheza na Korogwe, na humo maelfu ya manamba, wengi wao waliotoka bara mbali, walikata majani kwa kipande.

Mpangilio huu ndio ambao UTP ilitaka kuutengenezea chama.

United Tanganyika Party ilianzishwa mapema mwaka 1956. Mwenyekiti wake, Ivor Bayldon, alikuwa mkulima wa Kizungu wa Nyanda za Juu Kusini, na gavana alikiunga mkono chama hicho waziwazi. Ndani yake walikuwemo walowezi, wafanyabiashara wa Kihindi, na Waafrika wachache, wakiwemo baadhi ya machifu. Sipendi kuwatukana watu hawa wote kwa mkupuo. Walikuwemo walioamini kwa dhati kwamba nchi yenye watu wa asili mbalimbali itaungua kama hawatajifunza kukaa pamoja, na majirani zao wa Kenya walikuwa wakiungua kweli wakati ule. Wasiwasi wao haukuwa wa kubuni.

Tatizo la UTP lilikuwa jinsi ilivyolielewa neno pamoja. Ilitaka rangi zote zikae meza moja, ndiyo, lakini kila rangi ikae kwenye kiti chake chenye jina lake. Ilitetea mgawanyo ule wa kumi kwa kumi kwa kumi. Mtu aliingia chamani kama Mzungu, Mhindi au Mwafrika, na katika mambo ya nchi angehesabiwa hivyohivyo.

TANU nayo ilikuwa na kitendawili chake. Katika uchaguzi na katika serikali ilidai kila mtu ahesabiwe sawa, kura moja kwa kila mtu, bila kuangalia rangi. Lakini uanachama wake ulikuwa wa Waafrika tu. Mzungu au Mhindi aliyeipenda TANU kwa moyo wake wote hakuweza kupata kadi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Waafrika walihitaji kwanza mahali pa kujiamini wenyewe, maana wenye shule na fedha wakikaribishwa mapema wangeishia kushika usukani. Naielewa hoja hiyo. Hata hivyo ni kweli kwamba mwaka 1956 chama chenye wanachama wa rangi zote kilikuwa kinatetea siasa ya kugawa watu kwa rangi, na chama cha rangi moja kilikuwa kinatetea siasa isiyojali rangi. Mwanafunzi anayetazama orodha ya wanachama peke yake atawageuza hawa kichwa chini miguu juu.

Serikali haikuiacha TANU ipumue. Matawi yake kadhaa yalifungwa, na mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Desemba ya mwaka huo alijiuzulu ujumbe wake wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huohuo uchaguzi wa kwanza wa nchi ulikuwa unakuja, na masharti yake yalishatangazwa.

Hapo ndipo nilipomwambia kijana aniazimie vikombe vitatu kwa muuza kahawa. Akavipanga juu ya mkeka, vile vidogo visivyo na mkono. Nikamwambia, hiki cha kwanza ni kiti cha Mwafrika, hiki cha pili cha Muasia, hiki cha tatu cha Mzungu. Kila jimbo lilikuwa na vikombe vitatu. Sasa wewe ni mpiga kura. Una kokwa tatu za kahawa mkononi. Lazima utie kokwa moja katika kila kikombe.

"Na nikitaka kumchagua Mwafrika tu?"

Kura yako inaharibika. Huwezi kutia moja ukaondoka. Mwafrika lazima amchague Mzungu na Muasia, Mzungu lazima amchague Mwafrika na Muasia, na ndiyo maana ikaitwa kura tatu.

Na si kila mtu alipewa kokwa. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, na juu ya hapo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amemaliza darasa la nane, au awe anashika wadhifa maalumu kama vile uchifu. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kwa mwezi. Manamba wa mkonge hakuziota hizo. Kwa hiyo katika jimbo letu la Tanga, lililolisha nchi nzima fedha za kigeni kwa mkonge, aliyeukata mkonge wenyewe hakuwa na neno. Nchi nzima, walioandikishwa kupiga kura hawakufika laki moja.

Twining alitarajia nini? Aliona kwamba kama kila rangi ingejichagulia wake, Wazungu wangeleta Mzungu mkali na Waafrika wangeleta Mwafrika mkali. Lakini Mzungu akihitaji kura za Waafrika na Mwafrika akihitaji kura za Wazungu, watapita wapole wa kila upande, na wapole hao ndio UTP. Kwenye karatasi ilikuwa fikra safi. Ilisahau jambo moja tu.

Nikamwambia kijana tufanye hesabu ya mfano. Tuseme jimbo lina wapiga kura 100: Waafrika 60, Waasia 25, Wazungu 15. Tuseme TANU inasusa na Waafrika wake wote 60 wanabaki nyumbani. Wanabaki wapiga kura 40 wasio Waafrika. Nani atakayejaza kikombe cha Mwafrika?

Akatazama vikombe. "Hao 40."

Ndiyo. Wazungu na Waasia wangemchagua hata mwakilishi wa Waafrika, naye angekuwa wa UTP. TANU ikisusa, UTP inachukua vikombe vyote vitatu, kisha London inaambiwa kwamba wananchi wameamua.

Sasa geuza. Tuseme wale 60 wanakwenda wote, na wote wanasikilizana watie kokwa zao wapi. Nani atakayejaza kikombe cha Mzungu?

Hapo alinyamaza. Nilimwona jinsi inavyomwingia. Wale 60 wanajaza kikombe cha Mwafrika, wanajaza cha Muasia, wanajaza cha Mzungu. Wazungu 15 hata wakipiga wote kwa mtu wao, Mzungu atakayekwenda barazani ni yule aliyependwa na Waafrika. Sharti lililowekwa kumlazimisha Mwafrika ampigie Mzungu kura ndilo lililompa Mwafrika uwezo wa kuchagua Mzungu yupi. Mtego ulikuwa na milango miwili, na aliyeutega aliuona mmoja tu.

Kuliona hilo leo, vikombe viko mbele ya macho, ni rahisi. Januari 1958, TANU ilipokutana Tabora, halikuwa rahisi hata kidogo. Wajumbe wengi walikwenda wameshaamua kususa, na hoja zao zilikuwa za watu wenye utu. Kwa nini mtu alazimishwe kumpigia kura asiyemtaka ili kura yake ihesabike? Kwa nini mkulima na manamba wafungiwe mlango kwa shilingi 3,000? Kushiriki si ni kuubariki ubaguzi? Mimi nadhani ningekuwa Tabora siku ile, moyo wangu ungekuwa kwao.

Hapa Tanga tunayo sehemu yetu katika kisa hiki, na inasikitisha kwamba vijana wetu hawaisikii shuleni. Wazee wa TANU wa mji huu walisimulia kwamba kabla ya mkutano wa Tabora, Nyerere alipita Tanga akakaa na viongozi wa hapa, miongoni mwao wakitajwa Hamisi Heri na Abdallah Rashid Sembe. Alijua kwamba akiingia Tabora peke yake na ushauri wa kukubali kura tatu ataonekana msaliti. Alihitaji watu wa kusimama naye. Kwa masimulizi hayo, ujumbe wa Tanga ulikwenda Tabora ukiwa umeshashawishika, na Sembe akazungumza kuunga mkono. Naamini hili si la kupita juu juu. Mji uliogawanywa kwa rangi mtaa kwa mtaa ulijua kwa macho yake jinsi hesabu ya rangi inavyofanya kazi.

Mjadala wa Tabora ulikuwa mrefu na mkali. Mwisho wake TANU ilikubali kushiriki, na azimio hilo likaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Chama kingesimamisha Waafrika wake, kisha kingetafuta Wazungu na Waasia wanaokubaliana nacho, na kwa kuwa hawawezi kupewa kadi, kitawaunga mkono kutoka nje.

Na ndipo kipande kikabanduka.

Zuberi Mtemvu alikuwa mmoja wa watendaji wa mwanzo wa TANU, mtu aliyekijenga chama kwa miguu na kwa sauti yake. Kwake Uamuzi wa Busara ulikuwa kuinama. Alitoka, na mwaka huohuo wa 1958 akaanzisha African National Congress, ANC, kikisema Afrika ni ya Waafrika. Wengine waliopinga kura tatu Tabora walibaki ndani, akiwemo Bhoke Munanka wa Jimbo la Ziwa, wakatii uamuzi wa wengi. Mtemvu hakuweza. Simwiti mkorofi kwa hilo. Alikuwa anauliza swali ambalo TANU yenyewe haikuwa imelijibu sawasawa: kama chama ni cha Waafrika, kwa nini kinakwenda nyumba kwa nyumba kumwombea kura Mzungu?

Agosti 1958, wiki chache kabla ya kura, Nyerere alihukumiwa Dar es Salaam kwa kosa la kashfa, kwa alichoandika katika *Sauti ya TANU* kuhusu maofisa wa serikali. Aliamriwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa. Angalia kiasi chenyewe: faini yake ilikuwa sawasawa na kipato cha mwaka mzima ambacho serikali ilimtaka mtu awe nacho ndipo ahesabiwe kuwa mpiga kura.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili. Majimbo matano, Tanga likiwemo, yalipiga kura Septemba 1958. Matano mengine yalisubiri Februari 1959. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere mwenyewe alisimama dhidi ya Patrick Kunambi wa Uluguru, mmoja wa watu waliokuwepo TANU ilipozaliwa. Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600, Kunambi 800 hivi. Itazame idadi hiyo: jimbo lililoanzia pwani hadi milima ya Morogoro, na kura hazifiki elfu nne. Ndivyo mlango ulivyokuwa mwembamba.

UTP haikupata kiti hata kimoja. Wazungu walioingia waliingia kwa kura za Waafrika: Derek Bryceson, rubani wa zamani wa vita aliyekuwa mkulima, na Marion Chesham wa Nyanda za Juu Kusini. Kwa Waasia waliingia watu kama Amir Jamal, na Sophia Mustafa kutoka Kaskazini. Februari 1959 akafuata Barbro Johansson, mwalimu wa Kiswidi kutoka Ziwa Magharibi. Hawa hawakuwa mapambo. Bryceson na Jamal wakawa mawaziri wa miaka mingi.

Sasa tunaweza kujibu kwa nini UTP ilikufa, na ni swali la kuhesabu. Chama kile kiliishi kwa kuamini kwamba kila rangi ina mwakilishi wake wa asili. Septemba 1958 ilionyesha kwamba Mhindi anaweza kuingia barazani kwa kura za Wadigo na Wabondei, na kwamba Mzungu aliyepigiwa kura na Wazungu wenzake wote anaweza kubaki nyumbani. Baada ya hapo, mfanyabiashara wa Kihindi au mlowezi mwenye akili angebaki UTP kwa faida gani? Kama alitaka kusikilizwa, njia ilipita TANU. Hakuna aliyehitaji kukifungia chama hicho. Kiliisha kama maji kwenye mchanga, na uchaguzi wa Agosti 1960 ulipofika hakikuwepo tena. Uchaguzi huo ulikuwa na viti 71, TANU ikapata 70, vingi bila kupingwa. Bado viti 11 vilitengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, lakini ile lazima ya kura tatu ilikuwa imeondoka.

"Na Mtemvu?" kijana akauliza. Kahawa yake ilishapoa.

Mtemvu ni kisa kigumu zaidi, na nilimwomba asikiandike kwa haraka.

ANC ilikuwa na hoja iliyowagusa watu wengi, lakini mwaka 1958 watu hao hawakuwa na kura. Waliodhulumiwa zaidi na kura tatu ni mkulima asiyesoma, kuli wa bandarini na manamba, yaani walewale waliofungiwa nje. Waliobaki ndani ni walimu, makarani, machifu na wenye maduka, watu waliozoea hesabu na walioielewa ile ya vikombe. Kwa hiyo chama cha hasira kilisimama mbele ya wapiga kura ambao hasira yao ilikuwa imeshapata mpango. Na mlango wa kupiga kura ulipokuja kupanuliwa, lile jambo lililowakasirisha watu lilikuwa halipo tena. Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais wa kwanza, Mtemvu alisimama peke yake dhidi ya Nyerere. Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276, chini ya kura mbili katika kila mia.

Ukiishia kwenye nambari hiyo utadhani wazo lake lilikufa pamoja naye. Halikufa. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, bunge lilijadili sheria ya uraia, na wabunge wa TANU wenyewe walisimama kutaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao haukuwa umesikika kwake, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kutunga sheria ya kuwapima watu kwa rangi. Waliomkera siku ile walikuwa wenzake wa kadi moja. Swali la Mtemvu lilikuwa limebaki ndani ya nyumba wakati mwenyewe ameshatoka.

Na swali hilo lina sura nyingine hapa pwani, ambayo mipango yote ile, ya Twining, ya UTP na ya ANC, haikuiweza. Mtoto aliyezaliwa Ngamiani na baba Mwarabu wa Kishihiri na mama Mdigo, anayesema Kiswahili tu, aliyesoma chuo kimoja na watoto wa jirani, ni wa kikombe kipi? Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimuuliza kabila alikuwa akitaja mtaa. Watu kama yeye walijaa Tanga, Pangani na Bagamoyo, na siasa iliyotaka kila mtu awe na rangi moja inayojulikana iliwataka wakate nusu ya ukoo wao ndipo wahesabike.

Mwaka 1963 TANU ilifungua uanachama kwa raia wote. Bryceson, Jamal na wenzao, waliokuwa wakikipigania chama kutoka uani, waliweza kupata kadi. Miaka mingi baadaye, vyama vingi viliporudi, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 iliweka sharti kwamba chama hakisajiliwi kama kinabagua kwa rangi, kabila au dini. Nilimwambia kijana aifikirie sheria hiyo vizuri, kwa kuwa ina jambo la kushangaza ndani yake. Kwa sharti hilo, ANC ya Mtemvu isingesajiliwa. TANU ya mwaka 1954 nayo isingesajiliwa. Ambayo ingepita kwa msajili, kwa kuangalia orodha ya wanachama, ni UTP.

"Basi UTP ilikuwa sahihi?"

Hapana, nikamwambia. Soma ulichoandika mstari wa kwanza.

Akasoma: chama cha rangi zote. Akavitazama vile vikombe vitatu, ambavyo muuza kahawa alikuwa ameanza kuvidai, kisha akachukua kalamu. Akakata neno *zote*, na juu yake akaandika *tatu*.